Vya Chini au vya Dukani: Ninavyochagua Vitabu na Nguo Dar

Mwisho wa mwezi pesa yangu ya kujifurahisha hugombaniwa na vitu viwili, vitabu na nguo, na vyote viwili hapa Dar es Salaam vina milango miwili. Kuna vya chini, vinavyotandazwa kwenye turubai kando ya barabara au kurundikwa mezani kwenye soko la mitumba la Karume, na kuna vya dukani. Anayeanza hudhani tofauti ni bei tu, kwamba hiki ni ghali na kile ni rahisi, uchague kwa mfuko wako. Sikubaliani naye. Chini na dukani haviuzwi vitu vilevile kwa bei mbili. Ukishajua kila upande una nini hasa, utaacha kuzunguka na jua ukitafuta kwenye turubai riwaya ya Kiswahili iliyotoka mwaka jana, na utaacha kulipa bei ya dukani kwa koti ambalo Karume lipo na ni zuri zaidi.

Vitabu vya kwenye turubai

Vingi ni vya Kiingereza, na ukifunua jalada utaelewa vimetoka wapi: mhuri wa maktaba ya mji fulani wa Uingereza, bei iliyochapwa kwa pauni au dola, wakati mwingine jina la mwanafunzi na darasa lake kwa mwandiko wa kitoto. Vimekuja kama zinavyokuja nguo, vikiwa vimesomwa na wengine huko ng'ambo. Ndiyo maana chini utakuta riwaya za upelelezi na za mapenzi, wasifu wa marais wa Marekani, vitabu vya kukufundisha utajiri kwa wingi wa ajabu, na vya mapishi yanayodai oveni na krimu ambazo jikoni kwako hazipo.

Kwa bei ninazokutana nazo, riwaya ya jalada laini huenda kati ya sh 3,000 na 10,000. Muuzaji hupandisha akiona umeishika muda mrefu. "Dada, hicho orijino hicho, elfu kumi na tano." Kirudishe taratibu, shika kingine, soma nyuma ya jalada bila haraka. Bei itaanza kushuka yenyewe, na mwisho utasikia "haya, lete saba, nifungulie biashara," hata kama ni saa kumi jioni.

Kabla ya kutoa hela, kikague. Kishike mgongoni na ukifungue katikati mpaka kilale. Gundi ikitoa mlio wa kukatika, kurasa zitaanza kukutoka mkononi ukiwa ndani ya hadithi. Pitisha kidole gumba ukingoni, uangalie namba za kurasa mwanzo, kati na mwisho, kwa sababu riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa nne za mwisho hata kwa mia tano ni hasara. Ukiona vitobo vidogo vya mviringo vinavyopenya kurasa kadhaa, huyo ni mdudu, na ukimpeleka nyumbani atahamia rafu nzima. Karatasi kuwa ya njano haina neno. Harufu ya ukungu, hiyo usiipokee, haitoki. Nimeanika vitabu kivulini siku nyingi na bado nikivifungua chumba kinanuka kama chini ya sinki.

Kuna jambo moja linalochanganya watu: kitabu cha mtumba na kitabu cha kopi havifanani hata kidogo, ingawa hulala turubai moja. Mtumba ni kitabu halali ambacho mtu alikinunua, akakisoma, akakitoa. Kopi ni kile kilichorudufiwa kichochoroni, na mwandishi hapati hata senti. Utaijua kopi kwa maandishi yaliyofifia upande mmoja, mistari inayopinda kuelekea mgongoni, na jalada linalong'aa kuliko kawaida lakini picha yake haina makali. Mara nyingi ni vile vitabu vinavyotamba sasa hivi vya kujiendeleza, au vitabu teule vya shule. Mimi kopi sinunui. Sababu ya kwanza ni mwandishi, na ya pili ni macho yangu, maana wino ule wa kijivu unachosha kabla ya sura ya pili.

Vya dukani

Maduka mengi yenye neno "vitabu" kwenye bango huuza madaftari, rula na vitabu vya kiada. Ukitaka fasihi itabidi ujue pa kwenda. Duka la TPH (Tanzania Publishing House) lililopo Barabara ya Samora ndiko ninakoanzia. Lina rafu za Kiswahili ambazo mtu anaweza kusimama mbele yake nusu saa bila kufukuzwa. Riwaya mpya ya Kiswahili huwa kati ya sh 10,000 na 25,000, kutegemea unene na mchapishaji. Ni bei ya chakula cha mchana cha siku kadhaa, sikatai. Lakini hapa ndipo hoja yangu ilipo: hicho kitabu chini hakipo. Nchi yetu haina mtumba wa Kiswahili kipya, kwa kuwa nakala huchapwa chache na anayenunua huwa haachi. Mfano mzuri ni *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Toleo la Kiingereza la 1994 ukiwa na bahati unaweza kukutana nalo kwenye turubai. La Kiswahili nenda dukani moja kwa moja, usipoteze nauli.

Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi. Kiingereza nakitafuta chini, Kiswahili nakinunua kipya.

Ila kanuni hiyo ina mlango wa uani, na huo ndio unaonipa raha kuliko yote. Riwaya pendwa za Kiswahili za miaka ya 1970 na 1980, vile vijitabu vyembamba vya majasusi, mabaa, magari yanayokimbizana Barabara ya Morogoro na wanawake wenye siri, vingi vilichapwa mara moja na wachapishaji wadogo na havikurudi tena mitamboni. Dukani hakuna. Mtandaoni hakuna. Vimebaki kwenye masanduku ya wastaafu, na mzee akifariki au familia ikihama, sanduku zima huangukia kwa muuza vitabu wa mtaani. Havikai juu. Huwekwa chini ya rundo kwa sababu jalada limechanika na muuzaji haoni nani atakitaka. Piga magoti, toa vile vya juu, tafuta mgongo mwembamba usio na maandishi. Usionyeshe furaha. Niliwahi kuokota kimoja chenye maandishi ya kalamu ya wino ukurasa wa kwanza: mtu amemwandikia "mpenzi" wake akimtaka asome mpaka mwisho ndipo ajibu barua. Alijibu au hakujibu, sijui, lakini kitabu kimekunjwa pembe ukurasa wa tatu kutoka mwisho.

Hivi vya aina hii vipe bei yoyote unayoimudu. Vile vya Kiingereza vitakuja tena mwezi ujao.

Unasoma wapi, unasoma vipi

Namna ya kusoma inaamua zaidi ya bei. Mimi husoma kwenye mwendokasi, nimesimama, mkono mmoja juu. Kitabu kinene cha jalada gumu, hata kikiuzwa elfu mbili, kwangu ni mzigo. Kijitabu cha kurasa mia na hamsini kinachoingia mfuko wa sketi ndicho kitakachosomwa. Anayesoma kitandani achukue hilo jalada gumu, linakaa wazi bila kushikiliwa. Anayeazimisha watu vitabu, na sote tunajua havirudi, basi anunue vya chini na asione uchungu. Anayepiga mistari na kuandika pembeni anunue kipya. Kwenye mtumba atajikuta anabishana na mistari ya mwenzake.

Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa Desemba 1967, bado inamfaa mtu anayetaka kusoma sana na kumiliki kidogo. Ni tulivu, ina meza, na ina vitabu vya zamani ambavyo huwezi kuvinunua popote. Vitabu vipya usivitegemee sana. Kuhusu kusoma kwenye simu sina mengi: makala sawa, riwaya hapana, kwa sababu katikati ya sura ujumbe wa kikundi cha familia unaingia na mjomba anauliza nani atachangia tenti.

Nguo: mtumba

Karume, Mchikichini, iliungua Januari 2022 na watu wakarudi kujenga vibanda na kuuza. Wengine wana soko lao, Tandika, Manzese, Mwenge, na kila mtu huapa lake ndilo zuri. Uzuri wa mtumba hauko kwenye soko, uko kwenye saa. Belo, lile furushi kubwa la nguo lililofungwa, likifunguliwa asubuhi, chaguo la kwanza huondoka na wenye maduka, wanaokwenda kuipiga pasi nguo ileile, kuitundika na kuiuza mara tatu. Ukifika saa tano unachagua walichoacha wao. Ukifika jioni bei imeshuka hadi "jero jero, buku buku", na rundo limeshachambuliwa na mikono mia.

Mtumba unashinda duka katika vitu vilivyoshonwa kwa kazi nyingi: makoti, jinzi, mashati ya kitani, suruali zenye bitana, jaketi la kupeleka Njombe mwezi wa saba. Nguo hizi zikiwa mpya kwa bei ya Kariakoo huwa kitambaa chepesi na mshono wa haraka. Zikiwa mtumba gredi ya kwanza, zimeshafuliwa mara nyingi zikabaki na umbo lake, maana yake zilishapita mtihani.

Koti ligeuze nje ndani. Bitana ndiyo isemayo kweli. Ikiwa imeachia kwapani tu, fundi ataishika kwa hela ndogo. Ikiwa imechanika mgongo mzima, liache. Lipeleke kwenye mwanga uangalie kwapa, kwa kuwa lile doa la njano la jasho halina sabuni. Kunjua kola, hapo ndipo uchakavu unapojificha. Zipu ipandishe na kuishusha. Ya chuma yenye herufi YKK mara nyingi hulishinda koti lenyewe kwa umri. Kwenye jinzi angalia katikati ya mapaja, sehemu nyingine zote ni mapambo. Kisha soma lebo: pamba, kitani au sufu vinastahili kupandishiwa dau, poliesta haistahili. Ukifika nyumbani loweka, fua, piga pasi pande zote mbili.

Nguo za ndani za mtumba usinunue. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, imezikataza, na hata isingezikataza nisingezinunua.

Wapo watakaosema mtumba unaua viwanda, na hawasemi uongo mtupu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa taratibu. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Tanzania na Kenya zilirudi nyuma mapema. Mimi nimejipatia msimamo wa kati usiompendeza mtu: koti nanunua mtumba kwa kuwa hapa hakuna anayelishona kwa bei yangu, na pesa ninayookoa inakwenda kwenye vitu vinavyoshonwa na kuuzwa na watu wa hapa. Ambavyo ni hivi vinavyofuata.

Kitenge na fundi

Gauni la mtumba lilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine. Linakubana kifuani au linaning'inia kiunoni, na kulipunguza mara nyingi kunaharibu mkato. Kwa gauni la harusi, la kanisani, la kazini siku ya kikao, kitenge na fundi mzuri vinashinda bila kubishana. Unalipa zaidi, maana kuna kitambaa, kuna ufundi, kuna bitana na zipu, lakini unapata nguo inayojua nyonga zako.

Kwenye kitambaa geuza upande wa nyuma. Waksi halisi, yaani kitenge kinachotiwa rangi kwa kutumia nta, rangi yake imepenya, pande zote mbili zinakaribia kufanana. Cha kuchapwa upande mmoja kina nyuma iliyopauka, kitafifia mapema. Waksi ya Uholanzi ya Vlisco, kampuni iliyoanza Helmond mwaka 1846, ndiyo ghali kuliko zote na ina waigaji wengi, kwa hiyo usidanganywe na jina lililochapwa ukingoni peke yake. Kwa kazi ya kawaida sioni haja ya kufika huko. Kitenge cha pamba cha bei ya kati, kinachokunjika ukikifinya na kunyooka kwa pasi, kinatosha.

Fundi ndiye sehemu ya bahati nasibu. Usimpelekee nguo ya harusi Jumatano kwa ajili ya Jumamosi. Akisema Ijumaa, elewa Ijumaa usiku umekaa kibandani kwake ukisubiri vifungo. Mpelekee gauni lako la zamani linalokukaa vizuri, alipime hilo, badala ya picha ya mwigizaji mwembamba uliyoikuta kwenye simu.

Kanga, inayosomwa na kuvaliwa

Kama kuna nguo ambayo msomaji anapaswa kuimiliki, ni hii. Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, na mwanamke wa pwani husoma jina kabla hajauliza bei. Mtaa wa Uhuru utawaona wamesimama, shingo zimepinda, wanasoma doti, kanga mbili mbili zisizokatwa, zilizotundikwa juu, wanacheka, mmoja anamwonyesha mwenzake kwa kidevu. Mombasa ni vilevile Mtaa wa Biashara, ambako duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887, limekuwa likiuza kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla" kizazi baada ya kizazi.

Kati ya kanga na kitenge, watu huuliza kipi bora, na jibu langu ni kwamba havishindani. Kitenge kinasubiri fundi. Kanga unaivaa leo: kata doti katikati, pinda ncha, basi. Kitenge kinakupendezesha ukumbini. Kanga inakupeleka msibani, sokoni, jikoni, chumba cha mzazi, na inafunika mtoto njiani. Kanga haidai saizi, kwa hiyo ni nguo pekee unayoweza kumnunulia mtu bila kumuuliza kiuno. Unachotakiwa kumpima ni moyo wake, na hapo ndipo jina linapoingia.

"Wema hauozi" inamfaa yeyote. "Nani kama mama" mpe mama, usimpe shangazi aliyekulea, atainyamazia mwaka mzima. "Mgeni njoo mwenyeji apone" ni nzuri kwa wenyeji waliokukaribisha. "Hasidi hana sababu" ina rangi za kupendeza sana, na najua mtu atakayeichukua kwa ajili ya rangi hizo na kumpelekea mama mkwe. Asithubutu. Kwenye nyumba ya watu wanaosoma kanga, doti hiyo ni barua ya wazi, na hakuna maelezo ya baadaye yatakayoifuta.

Kagua kitambaa pia. Kanga mpya huwa na dondo, inasimama kama karatasi, na dondo huficha wembamba. Iinue juu uone mwanga: nyuzi zikionekana zimeachana, ikifuliwa itabaki wavu. Angalia kama jina limekaa katikati juu ya pindo la chini na vipande vyote viwili vimelingana. Lenye makosa ya tahajia, na yapo, mimi hulinunua kwa furaha, lakini la kuvaa nyumbani kwangu tu.

Ukitaka kumpa mtu

Zawadi inabadilisha hesabu yote. Nguo ya mtumba hapewi mtu wa nje, hata iwe nzuri vipi. Dada yako wa tumbo moja atacheka na kuivaa, lakini wifi ataitafsiri. Kitabu cha mtumba kina heshima yake kwa msomaji mwenzako. Ukimpelekea ile riwaya nyembamba ya 1970 na kitu uliyoipigia magoti kwenye turubai, atakukumbuka kuliko uliyempa kipya chenye risiti ndani. Kwa asiye na mazoea ya kusoma fanya kinyume chake: kipya, cha Kiswahili, chembamba, chenye jalada zuri, kwa sababu kitabu cha njano chenye jina la mtu mwingine ndani atakiona masalio.

Na kwa bi harusi, kama umebaki na nafasi ya zawadi moja, usihangaike na seti ya glasi, atapewa sita. Nunua doti mbili za kanga za pamba nzito, jina moja la heri na moja la utani. La utani msomee dada yake kwa simu kabla hujalipa.